Saa Kumi na Moja, Barabara ya Kilembe

Magoti yangu huamka kabla yangu.
Kwanza la kushoto, nililoangukia Masaka
nikimfuata mwizi wa nyaya za simu,
kisha la kulia, kwa kuiga tu.
Nakaa ukingoni mwa kitanda, nayapaka dawa ya mnanaa,
nayabembeleza kama mtu abembelezavyo wakwe.

Viatu ni vya mitumba, soko la Mpondwe.
Ndani mna jina la kalamu, limefifia,
la mtu aliyevikimbilia mahali nisipopajua.
Tundu la kidole gumba
alishanitobolea yeye.

Miaka ishirini na minne sikukimbia.
Ilikuwa mimba, kisha zamu, kisha uhamisho,
Arua, Soroti, Moroto,
kisha mume wa kuuguza,
kisha mume wa kuzika,
kisha viazi vitamu, sufuria nzima, peke yangu.
Mwili ni daftari la kituo:
kila tukio limeandikwa, na tarehe,
na hakuna ukurasa unaochanika.

Natoka.
Giza linanukia Nyamwamba, maji na mawe yaliyosagana.
Mto huu ulikula hospitali, ukala daraja,
ukaacha majabali katikati ya nyumba za watu
kama wageni waliokataa kuaga.
Naupanda ubavuni.
Dakika ya kwanza ni aibu.
Ya tano ni deni.
Ya kumi na mbili, kitu kifuani hufunguka
kama bawaba iliyotiwa mafuta.
Sijui ni nini. Sikiulizi, kisije kikajifunga.

Vijana wa timu ya shule wananipita,
nyayo zao hata mbwa hazimwamshi.
“Wabukire, mama!” na wameshapotea konani.
Katika sanduku la bati, chini ya sare,
ninayo karatasi yenye mhuri: marathoni,
saa tatu, dakika nane.
Siku hizi, saa tatu na dakika nane zikitimia,
niko kilomita ya ishirini na nne, naomba radhi.

Binti yangu Biira ananipigia kutoka Kampala:
Mama, umri huu watu hupanda kahawa.
Nimepanda kahawa.
Kahawa haihitaji niketi niitazame.

Kijana wa bodaboda anapunguza mwendo.
“Panda, mama, bure.”
Namwashiria aende.
Anaenda, anageuka kuangalia, anaenda.

Kyanjuki, kwenye kona, pana moshi wa mkaa
na mwanamume mwenye mvi, mikono ina unga.
Anaacha kugeuza chapati.
Haangalii uso wangu, anaangalia mwendo:
mguu wa kushoto unaotupwa nje kidogo
kama wa mtu anayefukuza kuku.
Aliwahi kuusikia mwendo huu nyuma yake,
usiku, mwaka wa tisini na sita,
kutoka ghala la mgodi hadi mtoni,
nilikomshika kwa mkanda wa suruali
na wote wawili tukatapika.

“Afande Kabugho,” anasema,
“leo unamkimbiza nani?”

Jibu ninalo, zuri, la kuchekesha,
ila pumzi hainipi nafasi ya kulitoa.
Nanyosha kidole mbele.
Anatazama barabara kwa dhati,
kope zimebanwa, kana kwamba yupo mtu.
Kisha anachota maji kwa kikombe cha plastiki
na kunifuata mbio, hatua kumi, kumi na tano,
aproni inampiga mapajani, maji yanamwagika,
tunahema kwa zamu, mpaka nikanywa.

“Yuko mbali,” anasema,
“lakini anachoka.”
Nyuma yetu chapati inaungua.

Jioni, naandika kwenye daftari la mraba:
Kilomita kumi na sita.
Ukucha mmoja umeng’oka.
Mtuhumiwa bado hajakamatwa.